Kupima silinda kwa likidauni kabla hujaruhusu injini ifunguliwe

Mnada wa korosho ukishaanza na malipo yakaanza kuwafikia wakulima, gereji za Mtwara, Masasi na Newala hupata wateja wa aina mbili. Kuna anayetaka kununua gari lililotumika na anaomba liangaliwe kwanza. Kuna na mwenye gari lililochoka, ambaye sasa ana hela ya kulitengeneza. Wote wanauliza swali moja: injini nzima au imekwisha? Mara nyingi jibu linatoka kabla boneti haijapoa: "Hii tuifungue tuone."

Kufungua ili uone ni njia ghali ya kuona. Hedi, yaani kichwa cha injini, ikishang'oka, seti ya gasketi umeshailipia, siku mbili tatu za fundi umeshazilipia, na kipuri kisipopatikana mjini gari linakaa juu ya mawe likisubiri mzigo wa basi kutoka Dar. Halafu kinachoonekana ni valvu moja ya ekzosi iliyoungua, kitu ambacho kingejulikana injini ikiwa bado imefungwa, kwa kuingiza hewa kwenye tundu la plagi na kusikiliza inatokea wapi. Kifaa cha kazi hiyo mafundi wanakiita likidauni. Kwa injini ya silinda nne, fundi aliyezoea anamaliza kwa saa moja hivi.

Inapima nini ambacho kompresheni haipimi

Kipimo cha kompresheni kila gereji inacho. Unakifunga kwenye tundu la plagi, unapiga stata, sindano inapanda. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, ila namba yake inaathiriwa na mambo yasiyohusu silinda: betri dhaifu, stata nzito, throto iliyofungwa, cheni ya taimingi iliyoruka jino. Na hata kikisema kweli, kinaishia kukuambia kwamba silinda ya tatu ni dhaifu. Kwa nini ni dhaifu, hakisemi.

Kwenye likidauni injini imesimama. Pistoni ya silinda unayoipima iko juu kabisa, valvu zake zote zimefungwa, na hewa ya kompresa inaingia ikipitia kitundu chembamba kilichomo ndani ya kifaa. Geji ya kwanza inaonyesha presha kabla ya kitundu, ya pili inaonyesha presha iliyobaki upande wa silinda. Silinda isiyovuja kabisa itafanya geji zote mbili zisome sawa. Kadiri inavyovuja ndivyo ya pili inavyoshuka, na tofauti kati ya hizo mbili, ukiigawa kwa namba ya geji ya kwanza, ndiyo asilimia ya uvujaji. Injini za pistoni za ndege ndogo hupimwa kwa njia hiyohiyo, kwa kawaida kwa psi 80 (psi ni kipimo cha presha), kwa hiyo usidhani ni ujanja wa mtaani.

Asilimia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza, ni masikio yako.

Vifaa

Likidauni yenyewe yenye geji mbili unaweza kuagiza Dar kwa wauza vifaa vya gereji. Ziko za geji moja pia. Zinafanya kazi, ila inabidi useti kwanza kisha usome, na anayeanza huchanganyikiwa. Angalia adapta zilizomo kwenye boksi. Toyota nyingi za petroli zilizojaa mkoa huu, IST, Probox na wenzake, plagi zake ni za nyuzi M14, yaani milimita 14. Pikipiki nyingi ni M10 au M12. Chomoa plagi moja uipime kabla hujanunua, kwa sababu adapta ya nyuzi zisizo zake ikilazimishwa kwenye hedi ya aluminiamu inaharibu nyuzi, na hapo umejitengenezea kazi ambayo haikuwepo.

Kompresa lazima iwe na tangi na iweze kushika psi 100 bila kuhema. Kale kapampu ka kuchomeka kwenye tundu la sigara la gari hakafai, hewa yake ni ndogo mno. Kama gereji yako haina kompresa, nenda kwa fundi pancha. Likidauni haina haja ya hewa nyingi, tangi moja lililojaa linatosha silinda kadhaa. Kabla ya kuunganisha, fungua koki ya chini ya tangi umwage maji. Hewa ya pwani, Mtwara au Lindi, ina unyevu mwingi, na tangi ambalo halijamwagwa maji kwa muda litakutemea maji yenye kutu ndani ya kifaa, kile kitundu chembamba kinaziba, na geji zinaanza kukudanganya.

Wapo wanaojitengenezea wenyewe: regyuleta moja ya kupunguza na kuongeza presha, geji mbili za hewa, viungio vya shaba, na katikati jeti ya kabureta ya pikipiki yenye tundu la milimita 1. Kinafanya kazi vizuri kabisa kama viungio havivuji. Kumbuka tu kwamba ukubwa wa tundu hilo ndio unaoamua asilimia utakayosoma. Namba za kifaa cha kujitengenezea usizilinganishe na za kifaa cha dukani cha jirani yako. Zilinganishe zenyewe kwa zenyewe, silinda na silinda.

Vingine ni vya kawaida: raketi na soketi ya bolti ya puli ya krenki, mrija mrefu wa plastiki, chaki, povu la sabuni kwenye chupa ya kupulizia, tochi, na kipande cha mpira wa petroli kama mita moja, cha kusikilizia.

Kabla ya kila kazi jaribu kifaa chenyewe. Kiunganishe na kompresa bila kukifunga kwenye injini. Kiungio cha mwisho kinajifunga chenyewe kikiwa hakijachomekwa. Seti psi 100. Geji zote mbili zisome 100. Zikitofautiana, kuna kiungio kinachovuja au geji imechoka. Pulizia povu utafute kabla hujamtangazia mtu kwamba injini yake imekufa.

Kuandaa injini

Washa injini ipate moto wake wa kawaida. Ringi (pete zinazobana kuzunguka pistoni), pistoni na valvu hukaa mahali pake zikiwa na joto, na injini baridi itakuonyesha uvujaji ambao barabarani haupo. Kama gari haliwaki kabisa, pima baridi, ila ongeza uvumilivu kwenye namba.

Zima, toa ufunguo, chomoa waya hasi wa betri. Weka vizuizi kwenye matairi na vuta hendibreki. Gari la manyua likae nyutro, la otomatiki likae P.

Sasa plagi, na hapa nataka utulie kidogo. Barabara zetu za ndani zina mchanga na vumbi jekundu, na mashimo ya plagi kwenye injini kama 1NZ, iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, ni visima virefu. Ukitoa koili utakuta vumbi limelala chini kabisa, kuzunguka plagi. Ukifungua plagi hapohapo, vumbi lote linaingia ndani ya silinda na kukaa juu ya pistoni, au linanasa kwenye kiti cha valvu. Kwa hiyo toa koili, puliza kila kisima kwa hewa huku umefumba macho, legeza plagi mzunguko mmoja, puliza tena, ndipo uitoe. Toa zote nne, ili injini izunguke kwa wepesi. Zipange kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi yenye mafuta meusi mabichi au iliyooshwa nyeupe na maji imeshaanza kukupa majibu.

Fungua kifuniko cha oili, vuta dipstiki, ondoa bomba la hewa kutoka kwenye kisafisha hewa ili mdomo wa throto, mlango wa hewa ya injini, uwe wazi. Kama throto ni ya waya, ifungue na uizuie ibaki wazi. Kama ni ya umeme usiilazimishe kwa bisibisi. Utasikia tu hata ikiwa imefungwa nusu. Kifuniko cha rejeta ndicho cha mwisho. Injini ina moto, kwa hiyo minya hozi ya juu kwa kitambaa: ikiwa bado ngumu, subiri. Ikilegea, fungua taratibu, kisha jaza maji mpaka mdomoni kabisa ili povu lionekane.

Pistoni juu kabisa, na kwenye kompresheni

Wanaokosea, wengi hukosea hapa. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila zamu ya kazi: mara moja ikimaliza kubana, valvu zikiwa zimefungwa, na mara moja ikimaliza kutoa moshi, valvu za inteki (za kuingiza hewa) na ekzosi (za kutoa moshi) zikiwa wazi kidogo. Ukipuliza kwenye hiyo ya pili, hewa yote itatoka na utadhani injini imekufa.

Anza na silinda ya 1, ambayo kwenye Toyota hizi ndogo ni ya upande wa puli. Ziba tundu la plagi kwa tambara lililokunjwa au kidole kama kinafika, halafu zungusha krenki kwa raketi, mwelekeo wa saa ukiwa unatazama puli. Ukisikia hewa inasukuma kidole au tambara linaruka, uko kwenye kompresheni. Sasa ingiza mrija wa plastiki mpaka uguse pistoni, na endelea kuzungusha polepole. Mrija utapanda, utasimama, halafu utaanza kushuka. Unapataka pale uliposimama. Ukipitiliza, usirudi kidogo tu. Rudi nyuma sana kisha uje tena mbele, ili ulegevu wa cheni usikudanganye. Alama ya puli ikilingana na 0 kwenye kava, uko sahihi. Usitumie bisibisi ya chuma badala ya mrija: ikilala upande pistoni ikiwa inapanda, inachuna ukuta wa silinda au inaharibu nyuzi za tundu la plagi.

Piga chaki kwenye puli hapo, na chaki nyingine upande wa pili kabisa. Mpangilio wa kuwaka wa injini hizi ni 1-3-4-2, kwa hiyo ukimaliza ya 1, nusu mzunguko inakupa ya 3, nusu nyingine ya 4, nusu nyingine ya 2. Hakikisha kwa mrija kila mara hata hivyo.

Kuingiza hewa

Toa raketi kwenye bolti ya puli. Narudia, itoe. Pistoni ya 1NZ-FE ina kipenyo cha milimita 75, na psi 100 juu yake ni msukumo wa zaidi ya kilo 300. Ikiwa juu kabisa sawasawa, msukumo unashuka wima na hakuna kinachozunguka. Ikiwa imepita kidogo tu, krenki inazunguka ghafla mpaka valvu ya ekzosi ifunguke, na raketi iliyobaki kwenye bolti inazunguka nayo. Mkono uliokuwa karibu na mkanda wa feni haurudi ukiwa mzima.

Funga adapta kwa mkono, isikazwe kwa spana. Unganisha kifaa regyuleta ikiwa sifuri. Panda taratibu mpaka psi 15 hivi, tulia. Krenki ikitaka kuzunguka utaiona ikicheza. Punguza hewa, rekebisha pistoni, rudia. Ikitulia, panda mpaka 100. Gari la manyua unaweza kuliweka gia ya tano na hendibreki ili lisaidie kushika. Kwa otomatiki ambayo haitaki kutulia, pima kwa psi 60 kwa silinda zote. Namba bado zitalinganishika zenyewe kwa zenyewe, ila usizichanganye na za psi 100.

Kusoma namba

Geji ya kuingia ikisoma 100 na ya silinda 88, uvujaji ni asilimia 12. Ikiwa 60 na 51, umepoteza 9 kati ya 60, yaani asilimia 15.

Injini nzuri ya barabarani iko chini ya 10. Kati ya 10 na 20 ni injini iliyotembea, iache ifanye kazi. Kati ya 20 na 30 imechoka, panga bajeti. Ikipita 30 kuna kitu maalumu kimeharibika na unatakiwa ukitaje kwa jina kabla hujagusa bolti ya hedi. Hiyo ni mipaka ya kuongozea tu. Ninachokiamini zaidi ni tofauti kati ya silinda. Injini yenye 16, 17, 15, 18 ni mzee mwenye afya. Yenye 7, 8, 31, 8 ni kijana mwenye jeraha, na jeraha linatibika.

Namba ikiwa mbaya ghafla, usitangaze. Rudisha hewa sifuri, hakikisha uko kwenye kompresheni, kaza adapta kidogo, pulizia povu kwenye nyuzi zake, rudia. Hewa inayovujia kwenye adapta inahesabiwa kama ya silinda.

Kusikiliza

Zima kompresa, zima redio, waombe vijana wa bodaboda wasogee. Hewa ya tangi inatosha dakika unazozihitaji. Chukua kile kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine uitembeze.

Mdomo wa throto: mluzi hapo maana yake valvu ya inteki haifungi. Bomba la ekzosi nyuma ya gari: hewa inayopumua hapo ni valvu ya ekzosi. Bomba ni refu na sauti inapungua njiani, kwa hiyo weka kiganja kilicholowa maji mdomoni mwa bomba. Ubaridi utausikia hata pale sikio linaposhindwa. Valvu za ekzosi ndizo huungua zaidi, kwa sababu zinapitiwa na moshi wa moto muda wote.

Kabla hujaihukumu valvu, fikiria mambo mawili. Kwanza pengo lake, ule mwanya mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma. Valvu isiyo na pengo haikai kwenye kiti chake injini ikiwa ya moto, na ni kazi ya fila geji, vile vibamba vya kupimia mwanya, si ya kuvua hedi. Pili uchafu. Gari lililolala miezi mingi nyumbani kijijini, kutu au masizi hunasa kwenye kiti cha valvu. Rudisha plagi, liendeshe kwa nguvu kilomita kadhaa, pima tena. Nimeona namba zikishuka kwa zaidi ya nusu baada ya safari fupi ya kwenda Mikindani na kurudi.

Tundu la oili na dipstiki: hapa kila injini inavuma kidogo, hata mpya, kwa sababu ringi zina mwanya wake. Sauti nyepesi isikutishe. Ikiwa upepo unainua karatasi nyepesi uliyoiweka juu ya tundu, na asilimia ni kubwa, na hakuna sauti kwingine, hewa inapita kwenye ringi. Ringi zimelika, zimeganda au zimevunjika, au ukuta wa silinda umechunwa.

Tundu la plagi la silinda jirani: weka povu juu yake. Likivimba, gasketi imekatika kati ya silinda mbili. Mara nyingi utakuta silinda hizo mbili zote zina namba mbaya zinazokaribiana.

Na rejeta. Hii ndiyo nataka tuikalie, kwa sababu ndiyo inayoua magari ya huku.

Chukua IST inayopanda Newala kutokea Masasi ikiwa na watu na mizigo. Mlima ni mrefu, gia ni ya chini, feni inapiga muda wote. Miezi kadhaa nyuma rejeta ilipungua maji njiani, dereva akaongeza ya kisima kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na chumvi na hedi ya aluminiamu havikai nyumba moja. Sasa sindano ya joto inapanda kila mlima, na maji ya chupa ya akiba yanatapika.

"Fundi, mimi hata thamostati, ile valvu ya joto ya maji, nilishatoa," anasema dereva.

"Nani alikwambia uitoe, kaka?"

"Si walisema ndiyo inazuia maji."

Kutoa thamostati ni ugonjwa wa nchi nzima. Injini inakaa baridi tambarare na bado inachemka mlimani, na chanzo kimebaki kilekile. Anaambiwa anunue injini nyingine. Likidauni inafungwa: silinda ya 1 asilimia 8, ya 3 asilimia 9, ya 2 asilimia 10. Ya 4 inasoma 27. Throto kimya, ekzosi kimya, kwenye oili ni ule mvumo wa kawaida. Kwenye mdomo wa rejeta viputo vinapanda kimoja kimoja, vinakoma ukifunga hewa, vinaanza tena ukiifungua. Ringi nzima, valvu nzima, gasketi ya hedi imekatika kuelekea njia ya maji. Huyu hahitaji injini nyingine. Anahitaji hedi ivuliwe, ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji kama imepinda, ipelekwe kwa mashine ikipita kipimo cha mtengenezaji, na ikaguliwe kama ina ufa. Kisha gasketi, kulanti ya kweli, na thamostati irudi mahali pake.

Tahadhari juu ya viputo: mfumo uliojazwa maji sasa hivi huwa na hewa iliyonaswa, nayo hutoa viputo viwili vitatu kisha hunyamaza. Vinavyokuhusu ni vile visivyokoma hewa ikiwa ndani. Pia kuna ufa unaofunguka injini ikiwa ya moto tu, na gasketi inayovuja ikiwa baridi tu. Dalili zikiwa wazi na kipimo kikasema hakuna kitu, pima tena katika hali nyingine.

Isichokiona

Mteja akisema injini inakula oili, likidauni inaweza kukupa namba nzuri kabisa na bado mteja akawa sahihi. Ringi mbili za juu ndizo zinazobana hewa. Ya tatu inakwangua oili. Hiyo ya tatu ikiganda kwa masizi, oili inaungua na moshi wa bluu unatoka huku geji zikisoma asilimia 9. Injini za Toyota 1ZZ-FE za mwanzo zinajulikana kwa tatizo hili. Mipira ya valvu ikikakamaa ni vilevile: oili inateremka kwenye shina la valvu, hewa ya silinda haihusiki. Kamshafti iliyolika, ile shafti inayosukuma valvu zifunguke, nayo haionekani, kwa kuwa valvu inafunga vizuri. Isichofanya ni kufunguka ipasavyo. Kwa hizo rudi kwenye kompresheni na macho.

Pikipiki inapimwa hivyohivyo, na ni rahisi zaidi: gia ya juu, mtu mmoja akanyage breki ya nyuma. Kagua pengo la valvu kwanza, maana bodaboda nyingi zinazoletwa kwa "haina nguvu" zina valvu zilizobana tu. Dizeli kama 1HZ ya Land Cruiser unaipitia kwenye tundu la plagi ya moto au la nozo, kwa adapta yake, na kwa silinda sita unazungusha theluthi moja ya mzunguko kila mara, kwa mpangilio 1-4-2-6-3-5. Injini ya boti ya tu-stroku haina valvu za inteki na ekzosi kwenye hedi, kwa hiyo sehemu za kusikiliza ni chache: ringi, gasketi na njia ya maji.

Kurudisha, na suala la malipo

Teremsha regyuleta mpaka sifuri kabla hujachomoa kiungio chochote. Rudisha plagi kwa mkono mpaka zikae, ndipo ukaze. Kwa 1NZ-FE ni Nm 18, na asiye na spana ya kipimo asitumie nguvu ya bega. Koili, bomba la hewa, dipstiki, vifuniko, betri. Washa, acha injini ingurume mpaka feni iwake, ongeza maji yaliyopungua.

Andika namba zote nne, kilomita za gari, tarehe, psi uliyotumia na mahali uliposikia hewa, kwenye karatasi ya kumpa mwenye gari. Anayenunua gari msimu huu aombe karatasi hiyo kabla ya kutoa hela, na kama muuzaji anasema gari lisichokonolewe, aongeze gharama ya injini nzima kwenye bei anayoifikiria, kisha aone kama bado linamvutia. Na wewe fundi, toza kazi ya kupima kama kazi inayojitegemea. Ukipima bure, utajikuta unatafuta hela yako kwenye kufungua, hata pale karatasi inaposema usifungue.